Siri ya fuko wa Tsavo yawakanganya watafiti wa uzee

MSAFIRI anayetumia barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, akishapita Mtito Andei na kuingia nyika ya Tsavo, huenda alfajiri akaona vilima vidogo vya udongo mwekundu vikirusha vumbi hewani mithili ya volkano changa. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya mchwa. Chini ya vilima hivyo, hata hivyo, anaishi mnyama ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amewanyima usingizi wanasayansi wa Marekani, Kanada, Ujerumani na Afrika Kusini.

Mnyama mwenyewe ni fuko uchi. Asichanganywe na yule fuko mwenye manyoya anayewaudhi wakulima wa viazi katika sehemu za milimani. Huyu wa nyikani hana manyoya ila nywele chache za kupapasia njia gizani. Ngozi yake ni ya rangi ya waridi na imejaa makunyanzi, macho yake hayaoni kitu cha maana, na meno yake marefu ya mbele yametokeza nje ya midomo. Uzito wake ni gramu 35 hivi. Kiasili hapatikani kwingine duniani isipokuwa Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti. Mwandishi wa makala haya hana budi kukiri kwamba ni vigumu kumsifu kwa urembo.

Sifa yake ni umri. Kwa kawaida mnyama mdogo huishi muda mfupi. Panya wa nyumbani, ambaye uzito wake haujapishana sana na wa fuko huyu, hufa kwa uzee akiwa na miaka miwili au mitatu, akibahatika sana minne. Fuko uchi anayefugwa maabara amejulikana kupita miaka 30, tena akiwa bado na nguvu na, iwapo ni malkia, bado anazaa. Ni kana kwamba umkute binadamu wa miaka mia kadhaa akilima shamba.

Jibu la kitendawili hicho limetafutwa ndani ya kiungo kidogo mno cha seli kiitwacho mitokondria. Na japo habari yenyewe yaonekana kuwa ya maabara, inamhusu moja kwa moja yeyote aliyewahi kununua vidonge vya kuzuia uzee, maana nadharia inayotumiwa kuviuza vidonge hivyo ndiyo hasa ambayo fuko huyu ameitia majaribuni.

Karibu kila seli ya mwili ina mitokondria, na katika misuli, moyo na ini huwa mamia kwa maelfu. Humo ndimo chakula tulichokula hukutana na hewa ya oksijeni tuliyovuta. Wanga wa ugali na mafuta ya nyama, baada ya kumeng'enywa na kuvunjwavunjwa, hutoa chembe ndogo zenye chaji ya umeme ziitwazo elektroni. Elektroni hizo hupokezwa kutoka molekuli moja hadi nyingine, mfano wa ndoo za maji zinazopitishwa mkono kwa mkono na majirani wanaozima moto, mpaka zinapoifikia oksijeni na kuzaa maji. Kitendo hicho cha kutoa na kupokea elektroni ndicho wanakemia hukiita ridoksi. Kinachotoa elektroni husemwa kimeoksidishwa. Msumari unaoshika kutu umepokonywa elektroni, na ovakado lililokatwa likaachwa mezani mpaka likawa jeusi limefikwa na mkasa wa aina hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu haikujulikana ni kwa njia gani mwendo huo wa elektroni hugeuka nguvu ya kuinua jembe au kukimbia mbio za nyika. Mwaka wa 1961 Mwingereza Peter Mitchell alitoa dhana ambayo wenzake waliichukulia kuwa ya ajabu. Alidai kwamba mitokondria hutumia elektroni hizo kusukuma chembe nyingine, protoni, zikajaa upande mmoja wa utando wake wa ndani, kisha zikarudi kwa kupitia kwenye kijitundu maalumu.

Msomaji anayejua mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kwenye mto Tana hatapata taabu kulielewa wazo hilo. Maji yakishakusanyika nyuma ya ukuta, hayana njia ila kupitia kwenye mitambo, nayo mitambo ikizunguka umeme unapatikana. Mitokondria ni bwawa la namna hiyo. Kinachofyatuliwa na mtambo wake ni molekuli iitwayo ATP, ambayo ndiyo sarafu ya seli. Kila kazi mwilini hulipiwa kwayo. Sarafu yenyewe ni chache, hutumika na kutengenezwa upya mara nyingi mno, kiasi kwamba mtu mzima kwa siku moja huzungusha ATP ambayo uzito wake unakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe.

Mitchell aliugua vidonda vya tumbo, akaacha kazi ya chuo kikuu, akakarabati jumba kuukuu la Glynn karibu na mji wa Bodmin kusini-magharibi mwa Uingereza na kulifanya maabara yake, akisaidiana na mwenzake Jennifer Moyle. Mabishano yalidumu miaka mingi. Mwaka wa 1978 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, na leo bwawa lake hufundishwa kama jambo lisilo na utata.

Ila hakuna bwawa lisilovuja. Mara kwa mara elektroni hutoroka katikati ya safari na kuirukia oksijeni kabla ya wakati. Hapo haizaliwi maji, bali huzaliwa molekuli korofi iitwayo superoksaidi, ambayo nayo hugeuka haraka kuwa haidrojeni peroksaidi. Hii ya pili wengi wanaijua: ndiyo ile dawa inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Zikizidi ndani ya seli, molekuli za jamii hii hushambulia mafuta ya utando, protini na hata chembe za urithi. Vitabu vya zamani vilisema asilimia 1 hadi 2 ya oksijeni tunayovuta huishia huko, lakini kiwango hicho kilitokana na vipimo vya maabara vilivyofanywa katika hali isiyo ya kawaida, na wataalamu wa siku hizi hukiona kuwa kikubwa kupita kiasi.

Mmarekani Denham Harman, ambaye awali alikuwa mwanakemia wa mafuta kabla ya kusomea udaktari, ndiye aliyeunganisha uharibifu huo na uzee. Mnamo 1956 aliandika kwamba huenda mwili huzeeka kwa sababu unashika kutu ya ndani kwa ndani. Mwaka wa 1972 alikwenda mbele zaidi na kuitaja mitokondria kuwa saa inayohesabu siku za uhai. Katikati ya miaka hiyo, mnamo 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wamegundua kwamba mwili una kimeng'enya mahususi cha kuivunja superoksaidi. Ugunduzi huo uliipa nadharia ya Harman uzito mkubwa: iwapo mwili umejihami hivyo, basi adui yupo kweli.

Kutoka hapo, hatua iliyofuata ilionekana kuwa ya wazi. Ikiwa kutu ndiyo inayotuzeesha, si tumeze kinachozuia kutu? Vitamini C, vitamini E na beta-karotini, ile rangi ya karoti, zote huweza kuzituliza molekuli korofi zikiwa ndani ya chupa ya maabara. Biashara kubwa ikazuka duniani. Hapa kwetu pia vidonge na vinywaji vya antioksidanti huuzwa madukani, kwenye mikutano ya vyama na hata nyumba kwa nyumba, mara nyingi kwa bei inayomkamua mstaafu mwenye pensheni ndogo, na kwa ahadi zinazoanzia makunyanzi na kuishia saratani.

Ahadi hizo zilipopimwa kwa watu, matokeo yalishtua. Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji sigara wa umri wa kati ya miaka 50 na 69 walipewa ama beta-karotini, ama vitamini E, ama zote mbili, ama vidonge visivyo na kitu. Ripoti ya mwaka wa 1994 ilionyesha kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Uchunguzi mwingine nchini Marekani uliowahusu watu zaidi ya 18,000, wengi wao wavutaji sigara pamoja na wafanyakazi waliokuwa wamevuta vumbi la asbesto, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake. Waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo miongoni mwao vilikuwa vimezidi kwa asilimia 17.

Ieleweke vyema kwamba hakuna aliyesema karoti au machungwa ni sumu. Kilichopimwa ni dozi kubwa za kemikali moja iliyotengwa, tena kwa watu ambao mapafu yao yalikuwa tayari yamejeruhiwa. Hata hivyo, daktari yeyote angetarajia kwamba ikiwa nadharia ya kutu ni sahihi jinsi ilivyouzwa, wavutaji sigara ndio wangenufaika kuliko watu wote. Ilikuwa kinyume.

Wakati madaktari wa binadamu wakikuna vichwa, mafuko wa Kenya walikuwa wakizeeka polepole vizimbani. Mtafiti Jennifer Jarvis, aliyeanza kumchunguza mnyama huyu hapa nchini, alikuwa amewashangaza wengi mwaka wa 1981 kwa kuthibitisha kwamba fuko uchi huishi kama nyuki: malkia mmoja ndiye anayezaa, madume wachache humpanda, na wengine wote, pengine sabini au themanini, ni vibarua wa kuchimba na kulea. Baadhi ya mafuko walionaswa Kenya miaka hiyo walipelekwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwanafunzi wake, Rochelle Buffenstein, alikuja kuwa mlezi wa kizazi hicho kwa miongo mingi, akihama nacho hadi New York, kisha San Antonio jimboni Texas, halafu California na baadaye Chicago. Mwaka wa 2002 yeye na Jarvis walitangaza kwamba baadhi ya wanyama hao walikuwa wamevuka miaka 28, rekodi ambayo hakuna mnyama mwingine wa jamii ya panya aliyewahi kuifikia.

Buffenstein alitarajia, kama wengine, kwamba mwili wa fuko huyu ungekuwa safi kama chungu kilichosuguliwa. Akiwa na wenzake, alilinganisha kinga za ini la fuko na za panya mnamo 2005. Hazikuwa na ubora wa kuweza kueleza pengo la miaka zaidi ya ishirini. Mwaka uliofuata walipima uharibifu wenyewe. Mafuta, protini na chembe za urithi za fuko aliye kijana zilikuwa zimeharibika kwa kutu kuliko za panya wa rika lake. Kwa lugha nyingine, mnyama aishiye maisha marefu kuliko jamaa zake wote ndiye aliyekuwa na kutu nyingi zaidi.

Kwa wengi, hilo lilikuwa pigo la kuimaliza nadharia ya Harman. Ushahidi mwingine ulielekea huko huko. Kwenye maabara za Texas, panya waliopunguziwa nusu ya kimeng'enya kinachovunja superoksaidi ndani ya mitokondria walikuwa na uharibifu mwingi zaidi na hata saratani nyingi zaidi, lakini hawakufa mapema kuliko wenzao. Mwandishi huyu anaona kwamba mahali hapa ndipo magazeti mengi yalipokomea: nadharia imekufa, tufunge kitabu. Watafiti wachache hawakukifunga.

Mmoja wao alikuwa Daniel Munro, aliyekuwa amejijenga nchini Kanada kwa kuchunguza kombe wa baharini aitwaye Arctica islandica. Kombe huyo huweza kuishi zaidi ya miaka 500, na mwaka wa 2013 Munro na wenzake walionyesha kwamba mitokondria zake hutoa peroksaidi kidogo sana zikilinganishwa na za kombe wa maisha mafupi. Matokeo hayo yalimpendeza mtu yeyote aliyempenda Harman. Lakini Munro, akiungana na Jason Treberg wa Chuo Kikuu cha Manitoba, alianza kuutilia shaka usomaji wa vipimo vyenyewe.

Shaka yao ni rahisi kuieleza kwa mfano wa duka. Mwenye duka anapofunga jioni huhesabu pesa zilizobaki kwenye droo. Akikuta shilingi 500, hawezi kwa hesabu hiyo pekee kujua kama aliuza bidhaa za shilingi 600 na kutumia 100, au aliuza za shilingi 10,000 na kutumia 9,500. Kwa miongo mingi watafiti wa mitokondria walikuwa wakihesabu droo ya jioni. Huchukua mitokondria zilizotengwa kutoka kwenye misuli, huzitia ndani ya maji yenye rangi inayong'aa inapokutana na peroksaidi, kisha hupima mng'aro. Kinachong'aa ni peroksaidi iliyotoka nje. Kumbe mitokondria yenyewe, mbali na kuzalisha peroksaidi, pia huiteketeza. Iliyoteketezwa ndani haionekani kabisa.

Treberg na Munro wakasisitiza kwamba mitokondria isitazamwe kama bomba linalovuja tu, bali kama mlango wa kuingilia na wa kutokea. Na kazi ya kuteketeza si ya bure. Vimeng'enya vinavyovunja peroksaidi huhitaji kupewa elektroni mpya kila vinapomaliza kazi, na elektroni hizo hutoka katika chakula kile kile ambacho kingetumika kujaza bwawa la Mitchell. Seli hulipa kodi ya ulinzi. Hapa ndipo kidonge kinapoonekana udhaifu wake: molekuli moja ya vitamini humtuliza adui mmoja na ikawa imekwisha mpaka ifanywe upya na mitambo ya seli, ilhali kimeng'enya kimoja hurudia kazi hiyo maelfu ya mara, tena mahali penyewe palipo na moto.

Walipomgeukia fuko uchi, wakishirikiana na Matthew Pamenter wa Chuo Kikuu cha Ottawa, walizipima pande zote mbili za daftari. Mitokondria za misuli na za moyo wa fuko zililinganishwa na za panya. Kwanza walipima uzalishaji. Haikuonekana kwamba fuko anazalisha peroksaidi kidogo kuliko panya, kwa hiyo siri ya kombe haikuwa siri ya fuko. Kisha walizipa mitokondria hizo peroksaidi kutoka nje na kupima uwezo wao wa kuiteketeza. Hapo tofauti ikajitokeza waziwazi: uwezo wa fuko ulimpita panya kwa mbali. Ripoti ilichapishwa mwaka wa 2019, na waandishi wake walikuwa waangalifu kusema kwamba jambo hilo huenda likaeleza umri mrefu wa fuko.

Neno huenda lina uzito wake. Spishi mbili zikitofautiana katika jambo moja, hilo si thibitisho kwamba jambo hilo ndilo lililoleta tofauti nyingine. Fuko na panya hutofautiana kwa mengi. Upo hata hivyo ushahidi wa kando. Mnamo 2005 kundi la Peter Rabinovitch wa Chuo Kikuu cha Washington jijini Seattle lilitengeneza panya waliopachikwa katalesi, kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi, ndani ya mitokondria zao. Panya hao waliishi miezi mitano hivi zaidi ya wenzao. Katalesi ilipowekwa sehemu nyingine za seli, faida haikuwa kubwa hivyo. Kwa hiyo swali la mahali ulinzi ulipo laonekana kuwa muhimu sawa na swali la wingi wake.

Bado kuna kipande kisichokubali kutoshea. Ikiwa mitokondria za fuko huteketeza peroksaidi kwa ustadi hivyo, mbona Buffenstein alikuta kutu tele mwaka wa 2006? Sehemu ya jibu ilitoka kwa kundi lake mwenyewe mnamo 2009. Protini za fuko zilikuwa na kutu tangu ujana, ndiyo, lakini kutu hiyo haikuongezeka kadiri miaka ilivyosonga, na protini zenyewe ziliendelea kushika umbo na kufanya kazi hata zilipotiwa kemikali za kuzikunjua. Panya huanza akiwa safi kisha akaoza haraka. Fuko huanza akiwa na madoa, akabaki na madoa yale yale miaka ishirini. Pengine basi kosa lilikuwa kuuliza kutu ni kiasi gani, badala ya kuuliza inakwenda kasi gani. Ni maoni ya mwandishi tu, na wapo wataalamu ambao wangemkosoa.

Sababu ya mnyama huyu kuhitaji ulinzi wa namna hiyo yaelekea kuwa makao yake. Mashimo ya nyikani yana hewa nzito, na mafuko hulala wamelundikana kama mafungu ya samaki sokoni, kila mmoja akipumua hewa iliyokwisha kutumiwa na mwenzake. Mwaka wa 2017 kundi la Thomas Park wa Chicago na Gary Lewin wa Berlin lilionyesha kwamba fuko uchi huweza kukaa dakika 18 bila oksijeni hata chembe na kupata nafuu, ilhali panya hufa kabla ya dakika moja kwisha. Katika hewa yenye oksijeni ya asilimia 5 tu, alistahimili saa tano. Anapokosa hewa, ubongo na moyo wake hugeukia sukari ya fruktosi, ambayo huweza kuchomwa bila oksijeni kwa njia isiyozibwa upesi kama ile ya glukosi.

Kwa madaktari, jambo la kuvutia zaidi si kukosa hewa bali kuipata tena. Mtu aliyepigwa na kiharusi au mshtuko wa moyo huumia mara mbili: damu inapozibwa, na damu inapofunguliwa. Mwaka wa 2014 kundi lililomhusisha Edward Chouchani na Michael Murphy wa Cambridge lilieleza kwamba wakati wa kukosa hewa kemikali iitwayo suksineti hujazana kwenye tishu. Hewa inaporejea, suksineti huchomwa kwa fujo, elektroni hurudi nyuma kinyume cha mkondo, na mitokondria hutema superoksaidi kwa mkupuo. Ni kama milango ya bwawa kufunguliwa yote kwa pamoja. Mnyama ambaye kila siku huingia na kutoka katika hewa mbovu bila kudhurika ni mwalimu anayestahili kusikilizwa na wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi.

Ama kuhusu mlo na mazoezi, kuna funzo jingine lililopatikana Ujerumani. Mnamo 2009 Michael Ristow na wenzake waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa majuma manne. Nusu walipewa vitamini C na E kila siku. Waliofanya mazoezi bila vidonge walipata faida inayojulikana, yaani insulini kufanya kazi vyema zaidi mwilini. Waliomeza vidonge hawakuipata. Maelezo yao ni kwamba peroksaidi kidogo inayotoka kwenye misuli inayofanya kazi ni ujumbe, si uchafu. Huiambia seli ijenge ulinzi wake yenyewe. Ukimnyamazisha mjumbe, ulinzi haujengwi. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote na hayo, lakini hakuna aliyeleta hoja nzito ya kumfanya mkimbiaji aongeze vidonge.

Mwaka wa 2018 Buffenstein na wenzake, wakitumia kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000, walitoa dai zito kuliko yote: kwamba uwezekano wa fuko uchi kufa hauongezeki anapozeeka. Binadamu mzima huongezewa hatari ya kufa mara mbili kila baada ya miaka minane hivi. Fuko, walisema, haongezewi. Wakosoaji walijibu kwamba wanyama wengi katika kumbukumbu hizo walikuwa bado vijana, na kwamba wazee kabisa ni wachache mno kuweza kutoa hukumu. Mabishano hayo yatamalizwa na muda, maana mafuko wenyewe hawana haraka.

Linasalia suala ambalo wanamazingira wa hapa nchini hulitaja kwa sauti ya chini. Mababu wa mafuko hao waliondoka Kenya zamani, kabla ya Mkataba wa Uanuwai wa Viumbe wa 1992 na kabla ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika 2014, ambayo hudai kwamba nchi iliyotoa kiumbe igawiwe faida inayotokana na chembe zake za urithi. Sheria kama hizo kwa kawaida hazirudi nyuma. Dawa ikipatikana kesho Chicago au California kutokana na damu ya fuko wa Kenya, Mtito Andei haina stakabadhi yoyote ya kuonyesha.

Huku nyumbani maisha ya fuko si ya karne. Stan Braude, aliyefuatilia makundi ya mwituni katika Mbuga ya Meru kwa miongo kadhaa, alikuta kwamba vibarua wengi hutoweka baada ya miaka michache tu, ilhali malkia akilindwa vyema huonekana mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya mwongo mmoja. Anayewamaliza vibarua si kutu ya mitokondria. Ni nyoka, ambaye hunusa udongo mbichi unaorushwa nje alfajiri, akaingiza kichwa shimoni na kungoja.